Makanisa Mawili, Wiki Moja

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya mateso na imani, na tutaanzia hapa hapa kwetu Eldoret. Jambo hili tukilizungumza kwa mbali, kwa mifano ya nchi za watu, ni rahisi sana kujidanganya.

Jumanne tarehe 1 Januari 2008, siku mbili baada ya matokeo ya kura ya urais kutangazwa, watu waliokuwa wamefukuzwa makwao na ghasia walikuwa wamejikusanya katika kanisa la Kenya Assemblies of God kule Kiambaa, nje kidogo ya mji. Lilikuwa kanisa dogo la kuta za udongo. Sababu iliyowapeleka pale ndiyo ambayo ingenipeleka mimi au wewe: hakuna binadamu atakayethubutu kuigusa nyumba ya Mungu. Kundi la vijana likaja, kanisa likatiwa moto na watu wakiwa ndani. Hesabu za waliokufa zinatofautiana, baadhi zikifika watu 35, na wengi wao walikuwa akina mama na watoto.

Siku zizo hizo, hapa mjini, watu wapatao 10,000 walikuwa wamejaa katika ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Walilala kwenye nyasi, kwenye varanda, kila mahali palipokuwa na nafasi ya kutandika blanketi. Askofu Cornelius Korir alikuwa amewafungulia milango. Wale walinusurika.

Makanisa mawili, wiki moja, mji mmoja. Waliokuwa Kiambaa waliomba, na waliokuwa mjini waliomba, na aliyeombwa ni Mungu yule yule.

Nimesikia mara nyingi mazishini mtu akisimama na kusema kwamba anayemtegemea Mungu hapatwi na baya. Anayesema hivyo hana nia mbaya. Anatafuta neno la kuwatia moyo wafiwa, na hilo ndilo lililo karibu na ulimi. Lakini mpeleke mhubiri huyo Kiambaa, msimamishe mbele ya makaburi yale, kisha umwombe arudie. Ikiwa wa mjini waliokolewa na imani yao, wa Kiambaa walipungukiwa na nini? Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mamake alikosa imani gani?

Yesu mwenyewe aliwahi kuletewa habari ya namna hii. Iko katika Injili ya Luka, sura ya 13. Watu walimjia wakamweleza kuhusu Wagalilaya waliouawa na Pilato wakati wakitoa dhabihu zao. Hebu fikiria hilo, msikilizaji: watu waliuawa wakiwa katika ibada. Waliomletea habari ile walitaka kusikia kwamba marehemu wale walikuwa na dhambi fulani iliyojificha, ili wao wenyewe walale usingizi. Yesu akakataa katakata. Akaongeza na habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akasema hata hao hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hakuwapa sababu ya vifo vile. Akawageukia wao waliouliza, akawataka watubu.

Kwangu mimi, huo ndio mwanzo wa amani kwa Mkristo anayeteseka: kuondolewa mzigo wa kushtakiwa. Ulipompoteza mtoto, ulipopimwa ukaambiwa ni saratani, nyumba ilipoungua, wapo waliokuuliza kimoyomoyo ulifanya nini. Pengine na wewe umejiuliza usiku kucha. Yesu hakulikubali swali hilo, na wewe huna deni la kulijibu.

Kuna jambo ninaloliona kila penye matanga katika mji huu, nami naliheshimu kuliko mahubiri mengi. Asubuhi ile ya baridi yetu ya Eldoret, akina mama wa Guild ya kanisa au wa jumuiya ndogo ndogo wanafika wakiwa na sufuria, kuni, unga, majani chai na sukari. Mmoja anafagia uwanja. Mwingine anakoka moto, na wengine wanakaa kwenye vigoda kumenya viazi. Na mmoja, mara nyingi yule mkongwe, anaingia chumbani alikolala mfiwa, anaketi ukingoni mwa kitanda karibu na miguu yake, anakaa kimya. Chai ikiletwa anamshikia kikombe hadi anywe. Leso ikianguka anaiokota, anamfunika. Jioni anaaga, na kesho yake yuko pale tena.

Marafiki wa Ayubu walianza vizuri namna hiyo hiyo. Biblia inasema waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, kwa maana waliona jinsi uchungu wake ulivyokuwa mkubwa. Mambo yaliharibika walipofungua vinywa na kuanza kumfafanulia kwa nini anateseka. Sura baada ya sura wanamhubiria, na Ayubu anawajibu kwa hasira, anamlalamikia hata Mungu. Na mwisho wa kitabu, anayekemewa ni nani? Ni wao waliokuwa wakimtetea Mungu. Ayubu aliyelalamika ndiye anayetajwa kuwa amesema yaliyo sawa, tena marafiki zake wanatumwa kwake awaombee. Wachungaji wangu mnaonisikiliza, kisomeni kitabu hicho hadi mwisho kabla ya kupanda mimbarini kwenye mazishi.

Nendeni pia kwenye Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio huanza kwa machozi na kumalizia kwa sifa. Hii haifanyi hivyo. Inaanza gizani na inaishia gizani. Mwimbaji anamlilia Mungu mchana na usiku, anasema rafiki zake wametengwa naye, na hapo inakatika. Waliokusanya kitabu cha Zaburi wangeweza kuiacha nje au kuitafutia mwisho mtamu. Waliiacha ilivyo, na imeombwa na watu wa imani kwa zaidi ya miaka 2,000. Yaani katika nyumba ya Mungu imewekwa nafasi ya mtu ambaye bado hajaona mwanga, na sala yake inahesabiwa kuwa sala.

Nasema haya kwa sababu tumekuwa na haraka. Tunamwambia mtu subira yavuta heri kabla hajamaliza kulia. Ndiyo, methali ni ya kweli, nami naipenda. Lakini akiisema anayetaka kunyamazisha kilio cha mwenzake, inakuwa chumvi kwenye kidonda. Na kuna pahali ambapo neno la uvumilivu limetumika vibaya zaidi. Mama anapigwa nyumbani kila mwisho wa mwezi, anakwenda kwa wazee wa kanisa akiwa amevimba uso, anaambiwa avumilie, auchukue msalaba wake. Hapana, wazee wangu. Msalaba wa Kristo haukuwa kibali cha mtu kuendelea kuua. Mama huyo aondolewe pale, apelekwe hospitali na kituo cha polisi, na kanisa limpe pa kulala. Uvumilivu wake utakuwa na kazi ya kutosha huko mbele, katika kuanza maisha upya.

Turudi kwa Askofu Korir, maana maisha yake yananionyesha saburi kwa matendo. Alikuwa mwana wa Bomet, Mkalenjin, akawa Askofu Mkatoliki wa Eldoret kuanzia 1990. Kwa hivyo alikuta ghasia za uchaguzi wa 1992, akakuta za 1997, na zile za 2007 zikamkuta akiwa na miaka zaidi ya 15 ya kuzika watu na kupatanisha majirani. Wengi waliokimbilia kanisani kwake mwaka ule walikuwa Wakikuyu, na wapo watu wa jamii yake mwenyewe waliomwona msaliti kwa kuwapokea. Alijua hivyo, na milango haikufungwa.

Lakini kuwapokea watu ni kazi ya siku chache. Ugumu ulikuja baadaye, wakati wapiga picha walipokuwa wameondoka. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Kila familia ilikusudiwa kupata shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujengea nyumba. Hilo lilikuwa jambo la maana, ingawa wapo ambao hadi leo wanalalamika kwamba fedha hazikuwafikia. Ila lori linaweza kumrudisha mtu shambani kwake kwa asubuhi moja, na jirani yake asimsalimie mwaka mzima. Utachotaje maji kwenye kijito kimoja na mtu unayeamini kwamba alilionyesha kundi nyumba yako?

Mwaka 2009 Askofu Korir alitoa kitabu kidogo kiitwacho Amani Mashinani, kinachoeleza namna jimbo lake lilivyokwenda hatua kwa hatua. Ukikisoma unashangaa jinsi kazi yenyewe ilivyo ya polepole. Wapatanishi walianza na mtu mmoja mmoja, kumsikiliza tu. Kisha jamii moja ikakutana peke yake, ikatapika nyongo yake yote bila ya upande wa pili kuwapo. Na upande wa pili vilevile. Baadaye wachache wa huku na wachache wa kule wakakutana, na jambo kubwa la kufanya pamoja likawa kula. Yalikuja malalamiko ana kwa ana, na kurudi kwa wenzao nyumbani kuwaeleza kilichosemwa, hatua ambayo wengi huiruka na ndipo mapatano huvunjika. Mwishowe zikaja kazi za pamoja: barabara, shule, josho la ng'ombe, kitu ambacho jamii zote mbili zinakihitaji na kila moja itapata hasara kikiharibiwa.

Nadhani hatua ile ya jamii kukutana peke yake ndiyo yenye hekima kubwa kuliko zote. Sisi Wakristo tunapenda kuwakutanisha watu mapema, washikane mikono, tupige makofi, tufunge kwa sala. Korir na wenzake waliona kwamba mtu ana maneno ambayo hawezi kuyasema mbele ya adui yake bila ya kuanzisha vita vingine, na hawezi kupona bila ya kuyasema. Kwa hivyo walimpa mahali pa kuyasemea, mbele ya watu wanaoujua uchungu wake. Ni Zaburi ya 88 ile ile, ikiombwa na kijiji kizima.

Sasa, msikilizaji, kuna neno gumu nami siwezi kulipita. Haki iko wapi? Watu wanne walishtakiwa katika Mahakama Kuu ya Nakuru kwa moto wa Kiambaa, na Aprili 2009 wakaachiliwa, mahakama ikilaumu uchunguzi uliofanywa hovyo. Kule The Hague, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kesi iliyohusu machafuko ya Bonde la Ufa ilisimamishwa Aprili 2016. Kwa jumla nchi nzima, Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Tume hiyo hiyo iliandika kwamba baadhi ya redio za lugha zetu zilieneza chuki wakati ule, na nalisema hili nikiwa mbele ya maikrofoni, katika mji ambao kila nyumba ina redio. Sisi tunaozungumza na watu gizani, wao wasituone nyuso, tuna la kujibu mbele za Mungu.

Basi mzazi aliyempoteza mwanawe pale Kiambaa hajapata siku ya kuketi mahakamani na kusikia aliyewasha moto akitajwa kwa jina na kuhukumiwa. Huyo tumwambie nini? Wapo wanaomwambia asamehe asahau, yaliyopita si ndwele. Mimi namwomba afungue kitabu cha Ufunuo, sura ya 6. Yohana anaona chini ya madhabahu roho za watu waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu. Wako mbinguni tayari. Wamefika, hakuna tena njaa wala panga. Na bado wanalia kwa sauti kuu wakimuuliza Mungu hata lini hutahukumu. Hawakaripiwi kwa kuuliza. Wanapewa mavazi meupe, wanaambiwa wapumzike kitambo. Ikiwa walioko mbinguni wenyewe wanapumzika huku wakidai haki, mama wa Kiambaa anaweza kuwa na amani ya Kristo moyoni mwake na bado akaendelea kumtaka aliyehusika asimame atajwe. Kudai haki hakumpunguzii utakatifu hata kidogo.

Msamaha ni wake. Atautoa siku atakayojaliwa, na huenda akautoa vipande vipande, leo kidogo, mwakani kidogo, na katikati akarudi nyuma ukimjia ule moshi. Tusimsimamishe mbele ya kamera kumkumbatia mtu.

Eldoret iliwahi kuwa na askofu mwingine ambaye simsahau ninapofikiri juu ya mambo haya, Alexander Muge wa kanisa la Kianglikana. Agosti 1990, waziri mmoja alitangaza hadharani kwamba Muge akikanyaga Busia huenda asirudi akiwa hai. Muge akaenda Busia, akahubiri. Tarehe 14, akiwa njiani kurudi huku kwetu, gari lake likagongana na lori, akafa. Waziri yule alijiuzulu. Natafakari safari yake ya kwenda, siyo ya kurudi: mtu ametishwa, anajua, na anapanda gari. Sidhani kwamba hakuwa na hofu. Naamini alikuwa na hofu na amani pamoja, katika kifua kimoja, kama vile Yesu katika bustani ya Gethsemane alivyotokwa na jasho la dhiki na bado akainuka kuwalaki waliokuja kumkamata.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, katika sura ya 5, kwamba dhiki huzaa saburi, na saburi nayo huzaa moyo uliojaribiwa, hadi kufikia tumaini. Hakuyaandika hayo akiwa amekunja miguu kivulini. Alikuwa amepigwa mawe, amefungwa gerezani, na baadaye angepelekwa Rumi akiwa mfungwa. Tena anatuambia katika barua kwa Wakorintho kwamba alikuwa na mwiba katika mwili, akamwomba Mungu mara tatu auondoe, na haukuondolewa. Akapewa neema ya kumtosha. Hilo nalisema kwa ajili yako unayenisikia ukiwa wodini pale Moi Referral, au uliyetoka kliniki leo na karatasi ya dawa mkononi na hujui utazilipiaje. Kama maombi yako hayajajibiwa ulivyotaka, usihesabu kwamba umeshindwa kuomba. Paulo aliomba kwa imani yote, na mwiba ukabaki.

Ila nimeona kwamba maneno haya ya Paulo tunayasoma kana kwamba yanamhusu mtu mmoja aliyejifungia chumbani, ajikaze hadi apate saburi. Aliliandikia kanisa. Alitumia neno la wengi: sisi. Tena barua yenyewe ilipelekwa ikasomwe kwa sauti watu wakiwa wamekaa pamoja. Sijamjua mtu aliyestahimili msiba mkubwa peke yake akabaki mzima. Waliostahimili walikuwa na kwaya waliyoimbia, walikuwa na jumuiya iliyokutana nyumbani kwao Alhamisi hata wakati hawakutaka wageni, walikuwa na jirani aliyekamua ng'ombe wao wakiwa kaburini. Wa kanisa kuu walipewa uji na watu waliokuwa na kidogo. Miezi ile ilipokwisha, walibaki na watu wanaowajua kwa majina.

Askofu Korir alifariki tarehe 30 Oktoba 2017, siku nne baada ya uchaguzi wa urais kurudiwa, nchi ikiwa imeshikwa na wasiwasi tena. Walimzika pale pale Kanisa Kuu, mahali ambapo watu 10,000 walikuwa wamelala chini wakisikiliza kelele za nje.

Nimalizie na ninyi mnaosema hamwezi tena kuomba. Mnaniambia hivyo mnaponikuta sokoni, na ninawaamini. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, kuna mtu aliyepooza aliyebebwa na wanne. Walipokosa njia, wakatoboa dari na kumteremsha mbele ya Yesu. Marko anasema Yesu alipoiona imani yao, ya hao waliombeba, ndipo akamsemesha mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe hatusikii akisema neno hata moja. Huenda hakuwa na nguvu. Huenda hata imani ilikuwa imemwisha.

Kwa hivyo usiku huu usijilazimishe. Tuma mtoto, au piga simu, umwite mmoja wa kanisani kwako unayemwamini. Mwambie ukweli kwamba umechoka na huwezi kuomba, na umwachie yeye aombe. Na wewe utakayeitwa, tafadhali nenda usiku huu huu, usingoje ibada ya Jumapili. Ukipita dukani, chukua na sukari.